Tundu la Moyo Lisilojulikana: ECG Inaona Nini, na Nani Anaisoma?

Mtu anaweza kuzaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo, akasoma, akacheza mpira, akaoa au kuolewa, akapata watoto, na asijue lolote hadi anapofika miaka arobaini na kitu. Ndipo anaanza kulalamika kwamba moyo unamwenda mbio bila sababu, kwamba ngazi alizokuwa akizipanda bila shida sasa zinamkata pumzi. Huenda akaambiwa ana pumu, au presha, au upungufu wa damu, au mawazo yamemzidi. Akibahatika, siku moja anabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inatoa karatasi ya miraba yenye michoro ya umeme wa moyo wake, yaani ECG. Mara nyingi habari za tundu hilo zimo humo. Kinachobaki kuulizwa ni kama kuna aliyezisoma.

Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo huwapata watoto 8 au 9 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Nyingi hujitangaza mapema: midomo inageuka rangi, mtoto anachoka kunyonya, uzito hauongezeki. Tundu la vyumba vya juu lina tabia nyingine. Shinikizo la damu katika vyumba hivyo ni dogo, kulia na kushoto, kwa hiyo damu hupenya taratibu kutoka kushoto kwenda kulia bila kishindo. Daktari anayesikiliza kwa stetoskopu husikia mvumo hafifu, pengine asisikie kitu. Dalili yenye uzito iko kwenye mlio wa pili wa moyo, ambao hugawanyika mara mbili, na mgawanyiko huo haubadiliki mgonjwa avute pumzi au aitoe. Kwenye chumba cha wagonjwa wa nje kilichojaa watu, na foleni inasubiri mlangoni, mlio huo hupita bila kusikika.

Kwa nini basi tundu lililovumilika ukiwa na miaka 20 lianze kusumbua ukiwa na 45? Kwa sababu moyo unazeeka. Chumba cha chini cha kushoto hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na presha hukikakamaza zaidi. Kikishakuwa kigumu kujaa, damu inayorudi kutoka mapafuni huona njia rahisi ni ile ya pembeni, kupitia tunduni kwenda upande wa kulia. Tundu lile lile, bila kuongezeka hata milimita, hupitisha damu nyingi kuliko zamani. Ujauzito nao hufichua mengi mapema zaidi, maana damu ya mama mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na moyo uliokuwa ukijikongoja hulemewa.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Mwaka 1990 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha habari za wagonjwa 123 waliozibwa tundu hilo kwa upasuaji kati ya 1956 na 1960. Miaka 27 baadaye, wale waliofanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza miaka 25 walikuwa wameishi karibu sawa na watu wengine wa rika lao. Katika kundi la waliokuwa wamevuka miaka 41, waliobaki hai walikuwa 40 kati ya 100, ilhali kwa watu wa kawaida wa umri huo walitarajiwa 59. Waliochelewa walikuwa na mapigo ya moyo yaliyovurugika, wengine wakapata kiharusi. Na yapo madhara mengine yasiyorudi nyuma: mishipa ya mapafu iliyopokea damu ya ziada kwa miaka mingi huweza kukaza hadi damu igeuze njia, itoke kulia kwenda kushoto. Hali hiyo ilielezwa na Victor Eisenmenger mwaka 1897, kwa mgonjwa aliyekuwa na tundu la vyumba vya chini. Mgonjwa akishafika hapo, kuziba tundu ni kumdhuru.

Upande wa tiba hauna kisingizio tena. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, John Gibbon alimziba tundu la vyumba vya juu msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Ulikuwa upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kufanikiwa. Mwaka 1975 Terry King na Noel Mills waliziba tundu kama hilo kwa kifaa kilichopitishwa kwenye mshipa, bila kupasua kifua. Siku hizi uzibaji huo wa kupitia mshipa hufanyika hata Dar es Salaam, kwenye mtambo wa Cathlab wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Penye ugumu ni hatua ya mwanzo kabisa: kumpata mgonjwa asiyejua kwamba ni mgonjwa.

Hapo ndipo ECG inapoingia, nayo ni kongwe. Willem Einthoven, daktari wa Kiholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860, ndiye aliyeifanya iwe kipimo cha kutegemewa, akiwa Leiden mwanzoni mwa karne ya 20. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na iliendeshwa na watu watano. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Kwa kuwa haikuweza kusogezwa, Einthoven alileta umeme wa mioyo ya wagonjwa wa hospitali hadi maabara yake kwa waya wa simu, umbali wa kilomita moja na nusu. Herufi P, Q, R, S na T alizoyapa mawimbi yale ndizo zinazotumika hadi leo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine ya sasa hubebwa mkononi, humaliza kazi kwa dakika chache na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya mashine ya eko, ile inayoupiga picha moyo kwa mawimbi ya sauti. Eko huliona tundu lenyewe. ECG hulihisi kwa athari zake tu, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima.

Athari zenyewe ni hizi. Chumba cha chini cha kulia kikipokea damu ya ziada miaka nenda rudi, hutanuka, na umeme unaokiamsha huchelewa kumaliza safari yake. Kuchelewa huko huandikwa kwenye pembe ya kwanza ya kifua, yaani mchoro wa waya wa kwanza wa kifuani: kilele kifupi, bonde, kisha kilele cha pili. Upana wote hubaki chini ya sekunde 0.12, ndiyo maana mashine huchapa juu ya karatasi kwamba tawi la kulia la umeme lina kizuizi kisichokamilika. Ni maneno ambayo madaktari wengi huyaruka, kwa kuwa watu wengi wenye afya njema, hasa vijana na wanamichezo, wanayo pia.

Mhimili wa umeme, yaani mwelekeo wake wa jumla, nao una la kusema. Katika aina ya tundu iliyo ya kawaida zaidi, lile la katikati ya ukuta, mhimili huelekea kulia. Tundu likiwa chini, karibu na valvu, mhimili hukimbilia kushoto tangu utotoni, na msomaji makini anaweza kukisia aina ya tundu kabla hajaona picha yoyote. Likiwa juu, pale mshipa mkuu unapomwaga damu moyoni, wimbi la P huweza kupinduka katika pembe zinazoutazama moyo kutokea chini.

Alama ya kuvutia kuliko zote ni ndogo mno. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walichapisha uchunguzi wa watu 1,560, wakitazama pengo dogo linalokaa juu ya kilele cha R katika pembe hizo za chini. Walilikuta kwa wagonjwa 73 kati ya kila 100 wenye tundu la vyumba vya juu. Lilipoonekana katika pembe zote tatu za chini, mara chache sana lilimdanganya msomaji. Na kwa zaidi ya theluthi moja ya waliofanyiwa upasuaji, pengo lilitoweka baada ya tundu kuzibwa, hata kama kilele cha pili cha pembe ya kifua kilibaki palepale. Pengo hilo halihitaji mashine mpya. Linahitaji mtu anayejua kwamba anapaswa kulitafuta. Inashangaza kwamba hadi leo wengi wanaosoma ECG kila siku hawajawahi kuonyeshwa.

Tundu si kasoro pekee inayoacha nyayo kwenye karatasi. Wilhelm Ebstein alieleza mwaka 1866 moyo ambao valvu yake ya kulia imeshuka chini kuliko inavyopaswa. Kwenye ECG mawimbi ya P huwa marefu ajabu, na kwa kama mgonjwa mmoja kati ya watano kunakuwa na njia ya ziada ya umeme, ile iliyopewa majina ya Wolff, Parkinson na White baada ya maelezo yao ya mwaka 1930. Kijana anayefika na mapigo ya kasi na alama ya njia hiyo ya ziada anastahili eko, si dawa ya kutuliza mapigo peke yake.

Kuna pia wale ambao vyumba vyao vya chini vimebadilishana nafasi, na mishipa mikuu nayo ikabadilishana, hivyo damu ikaenda inakotakiwa kwa njia isiyotarajiwa. Kama hawana kasoro nyingine, wanaweza kufika miaka 50 bila kugundulika. Chumba kilichoumbwa kusukuma damu ya mapafuni ndicho kinachosukuma ya mwili mzima, na siku moja huchoka. Umeme wa ukuta wao wa kati huanzia upande wa pili, kwa hiyo vile vishimo vidogo vya Q vinavyotegemewa kushoto havipo, vipo kulia. Msomaji wa haraka huandika kwamba mgonjwa aliwahi kupata shambulio la moyo. Kosa hilo lina uzito, kwa sababu watu hawa huelekea pia kupata kizuizi kamili cha umeme, kwa kiwango cha takriban wawili kati ya 100 kila mwaka, na wengine huhitaji kifaa cha kuusaidia moyo kupiga.

Wakati mwingine karatasi inazungumza kuhusu ukoo mzima. Mwaka 1960 Mary Holt na Samuel Oram wa London walieleza familia yenye tundu la vyumba vya juu, kasoro za vidole gumba na umeme unaochelewa kati ya vyumba vya juu na vya chini. Ucheleweshaji huo hupimika kwenye ECG kwa rula. Zipo familia nyingine zenye tundu na ucheleweshaji bila kasoro yoyote ya mkono. Mgonjwa mmoja akigundulika, kaka, dada na watoto wake wanaweza kupimwa kwa gharama ndogo kabla ya dalili yoyote.

Baada ya alama zote hizi, wazo la kumpima kila mtu mzima linaonekana la busara. Hesabu inalikataa. Tuchukulie mji wenye watu wazima 100,000, na mmoja kati ya 1,000 ana tundu: jumla 100. Tuseme alama ya tawi la kulia inaonekana kwa 90 kati yao, na kwa wanne kati ya kila 100 wenye moyo mzima. ECG itawakamata wagonjwa 90, lakini pamoja nao itawakamata watu karibu 4,000 wasio na kitu. Ili kumpata mgonjwa mmoja, watu 45 watapangwa foleni ya eko, na 44 watarudi nyumbani baada ya wiki za hofu. Katika nchi ambayo eko hazitoshi hata kwa wagonjwa waliovimba miguu, huo ni uporaji wa nafasi za wengine.

Hesabu hiyo hiyo hubadilika ghafla mtu akiacha kuuliza swali la jumla. Mwanamke wa miaka 42 anayekatwa pumzi, mwenye mapigo yaliyovurugika, hana historia ya homa ya rumatiki. ECG yake ina kilele cha pili kifuani, mhimili wa kulia na pengo kwenye R. Kila alama iliyo peke yake ni dhaifu, lakini zikikutana kwa mtu mwenye dalili, ni vigumu kutetea uamuzi wa kutompeleka eko. Kazi sahihi ya ECG ni kazi ya ungo: inatenganisha wanaopaswa kutangulizwa kwenye eko na wanaoweza kusubiri.

Japani ilichagua njia ya katikati. Tangu mwaka 1973 watoto wa shule huko hupimwa moyo kwa mujibu wa sheria, na tangu 1995 ECG kamili hufanywa kwa wanaoingia darasa la kwanza, la saba na la kumi. Lengo kubwa ni kuzuia vifo vya ghafla, lakini matundu ya vyumba vya juu yasiyotoa mvumo hugunduliwa humo, hasa kwa alama ya tawi la kulia. Mpango huo unasimama kwa sababu nyuma ya kila karatasi yenye shaka kuna daktari wa moyo wa watoto na mashine ya eko iliyo karibu. Nchi isiyo na nguzo hizo haiwezi kuazima nusu ya mpango.

Sasa akili unde imeingia kwenye mjadala, na safari hii kuna kitu cha kutazamwa. Mwaka 2023 watafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Keio jijini Tokyo, pamoja na wenzao wa Brigham and Women's ya Boston, walichapisha matokeo ya programu iliyofunzwa na kujaribiwa kwa ECG za wagonjwa zaidi ya 80,000 waliokwisha kupimwa pia eko. Ilitambua matundu ya vyumba vya juu vizuri kuliko alama zilizozoeleka. Programu haichoki, haina foleni mlangoni, na inaweza kupitishwa kwenye karatasi za zamani zilizolala kwenye kompyuta za hospitali. Hata hivyo watu hao wote walikuwa wagonjwa waliokwisha fika hospitali kubwa, na hesabu ya mji wa watu 100,000 haisamehewi kwa sababu msomaji ni mashine.

Na hata msomaji awe nani, zipo kasoro ambazo karatasi hunyamaza juu yake. Mtu mmoja kati ya wanne ana kijitundu cha tangu tumboni mwa mama ambacho hakikufungika sawasawa. ECG yake ni safi. Valvu ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo iliyoenea kuliko zote, iko kwa mtu mmoja au wawili kati ya 100 (hesabu ile ya 8 au 9 kwa kila 1,000 haiijumuishi), na kwa miaka mingi haiandiki kitu. Mshipa wa moyo ulioota mahali pasipo pake, ambao huua wanamichezo vijana, kwa kawaida hauonekani mtu akiwa amelala ametulia. Mwanasoka Nwankwo Kanu alitoka kuiongoza Nigeria kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, akiwa na miaka 20, na vipimo vya Inter Milan vikaonyesha kasoro kubwa ya valvu ya aota. Alifanyiwa upasuaji Marekani Novemba mwaka huo, akarudi uwanjani, na baadaye akaanzisha taasisi inayowalipia watoto wa Kiafrika upasuaji wa moyo. Moyo unaohimili dakika 90 za fainali unaweza kuwa na hitilafu, na karatasi yenye maandishi ya kawaida haimalizi swali kwa mtu mwenye dalili.

Kuna kasoro nyingine inayohitaji kifaa rahisi zaidi ya ECG. Aota iliyobanwa baada ya kutoa matawi ya mikono huleta presha kali kwa kijana. Kwenye karatasi utaona dalili za upande wa kushoto wa moyo ulionenepa, kama kwa mgonjwa yeyote wa presha. Jibu linapatikana kwa kupima presha mkononi na mguuni na kulinganisha. Kila kijana wa miaka 25 mwenye presha ya kupindukia anastahili kipimo hicho kabla hajapewa dawa za maisha, na ni aibu kwamba wengi hawakipati.

Afrika Mashariki ina sababu mbili za kulichukua suala hili kwa namna yake. Ya kwanza ni homa ya rumatiki. Mtu mzima anayekatwa pumzi na mapigo yaliyovurugika hudhaniwa haraka kuwa na valvu iliyoharibiwa na ugonjwa huo, na kwa wengi dhana ni sahihi. Tundu la kuzaliwa nalo hujificha nyuma ya dhana hiyo. Ya pili ni kwamba vipimo vya "kawaida" vilivyo vitabuni vilitokana kwa sehemu kubwa na watu wa Ulaya na Amerika. Vijana wenye asili ya Afrika, hasa wanamichezo, mara nyingi wana mawimbi ya T yaliyopinduka kifuani na mstari ulionyanyuka kabla yake, na bado mioyo yao ni mizima. Mwongozo wa kimataifa wa ECG za wanamichezo wa mwaka 2017 unalitambua hilo waziwazi. Programu iliyofunzwa Tokyo na Boston ikiletwa Mwanza au Kisumu bila kujaribiwa, huenda ikaona ugonjwa pasipo na ugonjwa, na huenda ikaupita ulipo.

Jaribio hilo si la ndoto. Wataalamu wa Taasisi ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, huenda mikoani kwa huduma ya tiba mkoba, na huko mtu yule yule hupimwa ECG na eko. Kila jozi kama hiyo ni ushahidi: karatasi upande mmoja, moyo wenyewe upande wa pili. Zikihifadhiwa pamoja, zikiwa safi na bila majina ya wagonjwa, baada ya miaka michache kungekuwa na maelfu ya jozi za Watanzania wa kupimia alama za zamani na programu mpya. Kampala, kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Nairobi kazi hiyo inawezekana vilevile. Kwa sasa, karatasi nyingi za ECG hubaki kwenye faili la mgonjwa au mfukoni mwake, zikififia kwa joto kwa kuwa zimechapwa kwenye karatasi inayofutika. Kupiga picha ya kila ECG kwa simu siku inapotoka, na kumpa mgonjwa nakala, hakugharimu chochote, na daktari wa miaka kumi ijayo atakuwa na kitu cha kulinganisha nacho.